Tundu Ambalo Kiwanda Hakikutoboa

20 Mei

Nimefika kwa wazazi asubuhi nikakuta maboksi matano barazani na Mama amekaa katikati yake, fimbo mapajani, utadhani analinda benki. Ameagiza kiyoyozi. Si cha nyumba, cha nyumba nilimfungia mwenyewe. Ni cha gari, cha kufungwa kwenye Chevelle ya Baba ya mwaka sitini na tisa, ile ya kijani cha chupa inayolala gereji chini ya shuka. Ameagiza kwa simu, kimyakimya, na jina lililoandikwa juu ya maboksi ni langu: Nedra Haws.

"Wewe si ndiye fundi wa baridi?" ameniuliza. "Haya, nitilie baridi."

Viyoyozi vya majumbani ndiyo kazi yangu, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Hapa Safford, mji wa jangwani, kuanzia Mei mpaka Septemba, simu yangu haipoi. Magari ni mambo ya Baba, mimi nayaendesha tu. Nimemwambia hivyo, akajifanya hasikii.

Niandike sababu yake, nisije kujidai sikuijua. Mama ana ugonjwa wa neva, mwaka wa kumi na mbili huu. Kwenye ubaridi anatembea, anasoma, anasuta watu. Joto likimpata, mguu wa kulia unakataa amri na macho yanaingia ukungu. Asubuhi napo mwili wake hauamki mpaka saa nne, na saa nne ya hapa jua limeshakuwa kali. Tarehe 14 Agosti anatimiza miaka sabini na leseni yake inakwisha. Kuipata nyingine ni lazima akasome herufi ukutani, na anajua hatazisoma. Kabla siku hiyo haijaisha anataka kuiendesha Chevelle mara moja tu, kutoka nyumbani mpaka kiwanda cha kuchambua pamba kule Pima, na kurudi. Yeye mwenyewe kwenye usukani. Nikamkumbusha kwamba Baba husema gia za gari hilo zimekufa, miaka tisa sasa.

"Gia niachie mimi," akasema.

Basi aendeshe pikapu, nikamwambia, ina kiyoyozi tayari.

"Pikapu si yangu."

Nikadhani ulimi umeteleza.

21 Mei

Baba ameyaona maboksi. Ana sentensi moja kuhusu gari hilo na leo ameisema mara tatu: "Hili gari halina tundu ambalo kiwanda hakikutoboa." Wenzake wa klabu ya magari ya zamani huja toka Tucson kuinama chini ya boneti, wanalinganisha namba ya injini na ya karatasi huku wakinong'ona kama wako kanisani. Na kiyoyozi kinataka matundu mawili, kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya abiria. Baba amesema siku drili itakapoingia gereji, yeye atahama.

Mama akamwuliza atahamia wapi mtu asiyejua kuchemsha yai.

28 Mei

Nyuzi 38. Simu kumi na moja. Sikugusa gari.

4 Juni

Nimeanza kufungua dashibodi, maana huko hakutobolewi kitu na Baba hana la kusema. Sanduku la baridi linakaa nyuma ya kidroo cha upande wa abiria, kwa hiyo kidroo lazima kitoke. Kilipotoka, ikaanguka pini ya nywele na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni hati ya mauzo, Oktoba 1969. Mnunuzi: LaRue Pomeroy.

Pomeroy ni Mama kabla hajaolewa. Nina miaka arobaini na mitano na maisha yangu yote nimesema "gari la Baba". Nimeliandika hivyo hivyo humu, wiki mbili zilizopita.

Nilimpelekea karatasi jikoni. Akaifuta kwa kiganja, akacheka. Alipima pamba pale Pima misimu mitatu, analala kwa dada yake sebuleni ili asilipe kodi, akalinunua jipya. Baba wakati huo alikuwa anapanda basi la mgodi. Walipooana Baba ndiye aliyelisafisha, akalitia oili, akalikomea mlango, na watu wakaanza kusema gari la Verl, ndilo jina la Baba. Mama hakuona haja ya kubishana.

"Ulidhani baba yako ndiye aliyechagua kijani?" akaniuliza. "Huyo angechukua kahawia."

Nimerudi gereji nimekasirika, na hasira yenyewe sijui ni ya nani. Nadhani kidogo ni yangu mwenyewe.

11 Juni

Nyuzi 43. Drili niliiacha gereji wiki iliyopita. Leo nimeikuta, ila betri zake hazipo. Nimetafuta nusu saa, jasho linaniingia machoni, mpaka Mama akatokea mlangoni akaninyooshea fimbo kuelekea pipa la chakula cha kuku. Anasema Verl huficha kila kitu humo, tangu zawadi zangu za Krismasi.

Alitaka kushuhudia. Nikamwekea kiti, feni miguuni, kitambaa cha barafu shingoni. Nikapima mara nne. Nimetoboa kuta za nusu ya mji huu, lakini hapa nikapima na ya tano. Baba alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi. Hakunizuia. Drili ilipopenya ule ukuta akageuka akaenda zake kwa miguu, juani, kofia bado mkononi.

Tundu la pili nililitoboa haraka, kabla moyo haujanibadilika.

Mama hakuweza kuinuka kwenye kiti. Dakika ishirini tu za gereji zilitosha kumchukua mguu. Baba aliporudi alinikuta bado nahangaika naye. Akamnyanyua, akambeba mpaka ndani, akamlaza chini ya kiyoyozi changu.

12 Juni

Baba amekula ndani ya pikapu, peke yake.

18 Juni

Nyuzi 45. Kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi, imekaa. Kondensa nayo, ile ya kutoa joto nje, nimeifunga mbele ya rejeta, na hapo ndipo ninapopaogopa. Joto lote nitakalolitoa ndani ya gari nitalimwaga usoni pa rejeta, na feni ya kuipoza ni ileile ya kiwandani. Gari likitembea, upepo unasaidia. Likisimama hakuna wa kusaidia. Nikamfuata Baba kwa adabu zangu zote. Nikamwambia tuweke feni kubwa ya umeme, matundu manne madogo, mbele kabisa, hakuna atakayeyaona.

"Umeshatoboa mawili," akasema. "Yatoshe."

Mama akanikonyeza nikubali. Nimekubali, na najua nimekubali kwa uoga.

25 Juni

Nimefunga mabomba yote nikaweka pampu kunyonya hewa. Geji imeshuka vizuri, nikazima pampu, nikakaa kuitazama. Dakika kumi, mshale umepanda. Kuna mahali panavuja. Miaka ishirini na mbili ya kazi, na nimesahau kupaka mafuta vijipete vya mpira kwenye maungio. Nimejitukana mpaka kuku wakanyamaza.

2 Julai

Nimefungua yote, nimepaka, nimefunga. Saa nzima mshale haukutikisika. Wiki sita zimebaki.

4 Julai

Sikukuu ya taifa. Gwaride limepita mtaa wa pili, Mama amelisikiliza dirishani.

9 Julai

Leo asubuhi nimetia gesi, nikawasha injini, nikaweka kipimajoto kwenye tundu la hewa. Nyuzi 30. Kumi na nane. Tisa. Tano! Nilimwita Mama kabla sijafikiri. Akaketi kwenye usukani, gari limesimama palepale gereji, hewa inampiga usoni, na baada ya dakika kumi akaanza kunyanyua mguu wa kulia na kuushusha kwenye breki. Alihesabu kwa sauti mpaka hamsini. Nje ilikuwa nyuzi 42. Nililia, na sijuti.

Mchana nikalitoa barabarani peke yangu, kulijaribu. Kufika kwenye mashamba ya pamba hewa ikawa vuguvugu. Nikaongeza mwendo, ikawa moto. Ilinipuliza moto mpaka nikafungua madirisha yote. Nikarudi nikasimamisha gari gereji, na baada ya dakika chache ikaanza kupoa kana kwamba haijanifanyia kitu.

Jambo jingine. Gia hazina ubaya wowote. Zinaingia laini kama za gari la juzi.

13 Julai

Nimepima gesi mara tatu. Iko sawa. Nyuzi 44, mawingu upande wa milimani, mvua hakuna.

16 Julai

Leo nimemtuhumu Baba.

Wiki nzima nimekuwa nikiwaza. Kompresa ni nzima, gesi ipo, likisimama linapoa, likienda linachoma. Kwenye nyumba hakuna ugonjwa wa namna hiyo. Na mtu anayeficha betri kwenye chakula cha kuku, mtu anayedanganya gia ni mbovu, anaweza kulegeza kitu nikiwa kazini. Nimemkuta Baba barazani na kikombe chake nikamwuliza amegusa nini.

"Unaniuliza kama nimemharibia mama yako baridi?" akasema.

Nikamjibu kwamba betri hazikutembea zenyewe mpaka pipani, na gia nimeziendesha, hazina lolote. Akakitazama kikombe. Akakiweka chini taratibu, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba. Mama alikuwa amesikia yote. Hakunigombeza, aliniambia tu niende nyumbani nikaoge.

17 Julai

Sikwenda kwa wazazi.

19 Julai

Mvua ya kwanza. Imeanza na ukuta wa vumbi, ikamalizia na matope. Unyevu huu kwa Mama ni mbaya kuliko jua. Amelala siku nzima.

23 Julai

Baba amekuja gereji mwenyewe. Hakunisalimia. Aliniambia niwashe gari, nikanyage mafuta, nishikilie hapo. Akainama chini ya boneti akashika mipira miwili inayopeleka maji ya moto kwenye hita, mmoja kila mkono, akafumba macho. Akanipa ishara nizime.

"Vali ya kufunga maji umeiweka kwenye mpira wa kurudi," akasema. "Gari likisimama, pampu haina nguvu, maji yanatulia. Ukikanyaga mafuta yanasukumwa yanajaa kwenye hita, na hita umeibananisha na sanduku lako la baridi. Unapoza na kupasha kwa pamoja."

Dakika kumi na tano, kisu na klipu mbili. Amehamisha vali mpaka mpira wa kwenda. Mimi nilisimama kama mjinga. Nyumbani kwa watu sanduku la baridi halipakani na maji ya moto, kwa hiyo sikuwahi kuiwazia hiyo mipira. Yeye angeiona siku ya kwanza kama angeingia gereji, na kama mimi ningemwomba aingie. Nikamwomba radhi. Akasema ameshasahau, na ni uongo.

Tukakaa kwenye siti ya mbele, ile ndefu isiyogawanyika, milango wazi, mvua inapiga bati. Ndipo akasema.

"Siogopi tundu, Nedra. Naogopa ule mguu."

Miaka tisa iliyopita, Julai, Mama anaendesha gari hili hili, Baba pembeni yake. Kwenye kivuko cha shule alikuwa anavuka mwanamke anasukuma kigari cha mtoto. Mama akasema, "Hauendi." Akarudia, "Verl, hauendi." Baba akaurusha mguu wake juu ya mguu wa Mama akakanyaga breki kwa wote wawili. Yule mwanamke aliweka mkono juu ya boneti, gari lilivyomkaribia. Kesho yake Baba akamwambia Mama gia zimekufa na vipuri havitengenezwi tena. Asingeweza kumwambia mguu wake umekufa, akamwambia gia.

Nikamwuliza, na ile sentensi ya matundu? Akasema alikuwa na sentensi mbili za kuchagua, na hiyo ndiyo aliyoweza kuitamka.

Mimi miaka yote nilidhani anapenda chuma kuliko watu. Niliwahi kumwambia mume wangu hivyo, nilipokuwa naye.

30 Julai

Tumekwenda Pima na kurudi, mimi na Baba. Nyuzi tano mwendo wote. Tuliposimama kwenye taa za mjini mshale wa joto la injini ulipanda mpaka robo tatu, tukatazamana. Nikataja feni. Akasema barabara ya Pima haina taa. Ni kweli haina.

6 Agosti

Mvua. Mabonde yote yanatiririka. Mama anafanya mazoezi ya mguu kitandani, hamsini asubuhi, hamsini jioni.

13 Agosti

Kesho. Baba amemwungamia Mama kuhusu gia, wakati wa chakula, mbele yangu. Mama akaendelea kupaka siagi mkate wake.

"Kila Jumapili ukidhani niko kanisani nilikuwa nimekaa uani kwa jirani nakusikia ukiliwasha," akasema. "Gia zilizokufa hazirudi nyuma mpaka barabarani. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe. Umenichelewesha, mzee."

14 Agosti

Nitaandika yote.

Tulipanga saa nne. Alfajiri mvua ilipiga milimani, bonde likajaa, maji yakapita juu ya barabara ya Pima na polisi wakaifunga. Mama alivaa, akakaa sebuleni na mkoba wake, ndani yake leseni. Saa sita. Saa nane. Hakula. Barabara ilifunguliwa saa tisa kasoro, jua limerudi, nyuzi 41 na unyevu kama wa chumba cha kufulia. Saa mbaya kuliko zote. Baba alisema tunaweza kuacha. Mama alishaanza kuinuka.

Niliwasha gari dakika ishirini kabla, gereji, mpaka kukawa baridi ya kuvaa sweta. Baba akamvusha haraka kutoka nyumba iliyopozwa mpaka gari lililopozwa. Yeye akakaa kulia kwake, karibu kabisa, mguu wa kushoto tayari. Mimi siti ya nyuma.

Aliendesha. Sijui niseme nini zaidi. Alitoa gari bila kugusa ukingo, akaingia barabarani, na kufika kwenye pamba aliweka kiwiko dirishani, kioo kikiwa juu, akaona kinamzuia, akacheka. Alituonyesha nyumba ya dada yake. Pale kiwandani alizunguka uwanja mara mbili kwa sababu hakuna wa kumkataza. Kila penye kibao cha kusimama alikanyaga breki kabla ya wakati, ili Baba aone. Baba aliona. Katikati ya kurudi akaukunja mguu wake akaurudisha upande wake.

Maili mbili toka nyumbani, kengele za reli zikalia na nguzo za kizuizi zikashuka. Treni ya mgodini, mabehewa ya shaba, inakwenda mwendo wa mtu mgonjwa. Mafuriko yalikuwa yamelegeza tuta la reli, ndiyo maana ilijikokota. Kisha ikasimama kabisa, imetuzibia njia.

Mshale ukafika nusu, ukafika robo tatu. Nilijua, na Baba alijua. Kila mtu aliyekulia jangwani anajua cha kufanya: unazima kiyoyozi na kufungua hita, injini inapumua. Tungeweza pia kubadilishana viti. Hakuna aliyelitaja hilo. Mshale ukagusa nyekundu. Harufu ya maji ya rejeta ikaingia, tamu, ya kutia kichefuchefu. Baba akanyoosha mkono, akashika kitufe cha kiyoyozi.

Mama hakumgeukia. Alikuwa anaitazama treni.

"Mguu bado ninao, Verl," akasema. "Ukizima sitakuwa nao."

Mkono wa Baba ulikaa pale. Injini ilianza kugonga, ile ile ambayo watu huja kuisomea namba. Kisha akakizungusha kitufe, si kuzima, akapandisha baridi mpaka mwisho.

"Acha ichemke," akasema.

Mvuke ukafunika kioo cha mbele. Treni ikatikisika, ikaanza kuondoka behewa kwa behewa. Nguzo zikapanda. Mama akakanyaga mafuta, akatupeleka maili mbili zile tukiwa tunagonga na kutoa moshi, akawasha taa ya kukata kona, akakata, akaliingiza uani sawasawa. Injini ikafa yenyewe kabla hajaizima. Maji ya kijani yakatiririka chini mpaka kwenye maua yake.

Alifungua mlango. Fimbo aliiacha ndani. Toka garini mpaka ngazi ya baraza ni hatua tisa, nilizihesabu, alizitembea zote kwa miguu yake, kabla joto halijamshika. Nyuma yetu boneti ilikuwa inafoka kama sufuria. Baba alikuwa ameipa mgongo. Alikuwa anamtazama mkewe anavyopanda ngazi.

15 Agosti

Nimefungua kichwa cha injini pamoja na Baba. Kimepinda, na bloku, mwili wenyewe wa injini, ina ufa. Itabidi injini nyingine, na namba haitalingana na karatasi tena. Amepitisha kidole juu ya ule ufa, akafuta kidole, akasema injini zipo nyingi.

Leseni ya Mama iko kwenye kidroo cha dashibodi, imekunjiwa ndani ya hati ya mauzo, pamoja na ile pini. Amesema kuanzia sasa atakaa kulia, upande wa abiria, na dereva atamchagua yeye, na asitegemewe kukaa kimya.

Saa nne Baba amekuja na betri za drili mikononi, kumbe alikuwa amezificha tena, zimeshika vumbi la chakula cha kuku. Ameniuliza ile feni kubwa inahitaji matundu mangapi.

Nikamwambia manne.

"Nionyeshe wapi," akasema, akavaa miwani.